Stesheni inaitwa Universiti, chuo kiko ng'ambo

Naandika kwa ajili ya yule aliyeko Tanga, Arusha au Mombasa sasa hivi, barua ya kukubaliwa Chuo Kikuu cha Malaya iko mkononi, amefungua ramani ya Kuala Lumpur kwenye simu na ameona stesheni ya treni imeandikwa "Universiti", moyo ukatulia. Wangu pia ulitulia. Ilikuwa Agosti 2022, nimekaa barazani kwa mama, Tanga, nikamwambia, "Mama, treni inashusha mlangoni kwa chuo." Mama akasema alhamdulillahi. Maneno yale yalinigharimu shilingi laki saba, ukiacha viatu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili ya isimu, ada nimesaidiwa kiasi, ila nauli ya ndege, chumba na chakula vilitoka kwenye mkopo wa SACCOS yetu ya walimu. Nilikuwa na mtoto wa miaka sita ninayemwacha kwa bibi yake. Kwa hiyo kila nilichopanga nilipanga kwa hesabu ya mtu asiye na pa kukosea, na pengine ndiyo sababu nilikosea vizuri. Nilitaka kila kitu kiwe kimekwisha kabla sijapanda ndege.

Chumba nilikipata kwa dalali, kwa WhatsApp. Picha nzuri, kitanda, kabati, dirisha linaloona reli ya juu. Akaandika: dakika tatu kwa mguu kutoka stesheni ya Universiti. Niseme mapema kwamba dalali yule hakunidanganya. Nilipofika nilipima kwa saa, dakika tatu kweli, na nilikuwa navuta sanduku. Tatizo ni kwamba mimi niliuliza umbali wa chumba na stesheni, sikuuliza umbali wa stesheni na chuo. Nani angeuliza? Jina si limejieleza?

Malipo ya chumba kule yana utaratibu wake, na mtu wa Dar anaweza kudhani ni nafuu. Sisi tumezoea kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mpigo. Kule waliniambia amana ya miezi miwili, nusu mwezi kwa ajili ya maji na umeme, na kodi ya mwezi wa kwanza. Chumba kilikuwa ringgit 700, ringgit ndiyo pesa ya Malaysia. Piga: 1,400, jumlisha 350, jumlisha 700, jumla 2,450. Wakati ule ringgit moja ilikuwa kama shilingi 500 zetu, kwa hiyo nilituma kama shilingi milioni moja na laki mbili na ushee, kwa mtu nisiyemjua, kabla sijakanyaga nchi. Mkataba mwaka mmoja. Ukitoka kabla ya mwaka, amana inabaki kwa mwenye nyumba. Hayo yaliandikwa, na niliyasoma, na nikaweka sahihi.

Nilitua mwanzoni mwa Oktoba, jioni. Kutoka uwanja wa ndege hadi KL Sentral nilipanda treni ya haraka, KLIA Ekspres, ringgit 55, dakika 28. Kuna mabasi ya bei ndogo kuliko hiyo kwa mbali, yanachukua kama saa nzima. Ukiwa na mizigo na usingizi wa siku mbili amua mwenyewe, mimi sikujuta. KL Sentral ndiyo makutano makubwa ya treni, na hapo ndipo uzoefu wangu wa daladala uliponiacha mkono.

Treni ya kwenda Universiti inaitwa LRT, njia ya Kelana Jaya. Ilifunguliwa 1998 na tangu mwanzo haina dereva. Inajiendesha. Mbele kabisa, mahali ambapo angekaa dereva, kuna kioo, na watoto na watu wazima wanagombania kusimama pale waone reli inavyokuja. Sasa fikiria mtu wa Tanga. Sisi ukipotea unamuuliza konda. Konda ni ramani, ni benki, ni mshauri wa ndoa. Mle hakuna konda wala dereva, kuna sauti ya mwanamke inayosema "stesen berikutnya" halafu jina la stesheni inayofuata, na ukiwa hujajua unakwenda upande gani, hiyo sauti inakuhesabia unavyozidi kupotea.

Nilinunua tokeni, kisahani cha plastiki cha buluu kama kifungo kikubwa cha koti. Unakigusisha kwenye geti unapoingia, unakitumbukiza kwenye tundu unapotoka, kwa hiyo usikitupe chini ya mkoba na kuanza kukitafuta getini watu wakiwa nyuma yako. Treni ikaja, nikapanda. Ishara zinaandikwa kwa jina la mwisho wa njia: upande mmoja Gombak, upande mwingine Putra Heights. Mimi nilikuwa natafuta neno Universiti, sikuliona, nikapanda iliyofika. Stesheni moja, juu. Halafu treni ikainama ikazama ardhini. Hapo ndipo nilijua nimepotea, maana kwenye picha za dalali stesheni yangu ilikuwa juu, imesimama kwenye nguzo. Nikashuka Masjid Jamek, nikavuka upande wa pili, nikarudi. Kwa hiyo shika hili: ukitoka KL Sentral kwenda Universiti, panda ya Putra Heights. Zinapita Bangsar, Abdullah Hukum, Kerinchi, kisha Universiti, ya nne. Na kwenye mabango siku hizi imeandikwa KL Gateway–Universiti, kwa sababu ya majengo ya biashara yaliyojengwa ubavuni, usidhani ni stesheni nyingine. Treni ikikuzamisha chini ya ardhi, umekwenda siko.

Kesho yake asubuhi nilioga, nikavaa gauni la kitenge nililoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nikapanda hadi stesheni ili nipite kwenda chuoni. Nilipofika juu nikatazama. Upande mmoja magorofa na maduka. Upande wa pili barabara kuu, Federal Highway, magari yanamiminika kama siafu. Chuo sikukiona. Nikazunguka. Nikatafuta bango, geti, mwanafunzi mwenye mkoba. Mwisho nikamwendea mlinzi, mzee wa makamo, nikamwonyesha barua yangu. Akaisoma, akanitazama viatu (visigino, Mungu nisamehe), akasema kwa upole, "Jauh, kak. Naik bas."

Niliyaelewa yote manne bila kufundishwa, kwa sura yake. Mbali, dada. Panda basi.

Hilo la "kak" lilinigusa. Ni ufupi wa kakak, dada mkubwa, na kule utaitwa hivyo na kila mtu anayekuheshimu kidogo. Mwanamume anaitwa bang, mama mtu mzima makcik. Waite nao hivyo, milango inafunguka. Mimi kama mwalimu wa lugha nilikuja kupata raha nyingi kwenye maneno yao: kertas ni karatasi, sabun ni sabuni, meja ni meza, bendera ni bendera. "Apa khabar" hata huhitaji kutafsiriwa. Lakini siku ile raha ilikuwa bado.

Chuo kiko ng'ambo ya barabara kuu, na kutoka stesheni hadi getini kwa upande wa Kuala Lumpur ni zaidi ya kilomita moja, na ukishaingia getini kampasi yenyewe ni kubwa, ina vilima, ina ziwa katikati, na kitivo changu kilikuwa ndani zaidi. Basi linalotoka stesheni kuingia chuoni ni namba T789, nauli ringgit moja. Nikalisubiri. Likaja, nikampa dereva noti ya ringgit moja, akatikisa kichwa: "Tak terima tunai, kak." Hawapokei pesa taslimu. Ni kadi tu, Touch 'n Go, kadi ya plastiki unayoijaza pesa na kuitumia kwenye treni, basi, hata barabara za kulipia na baadhi ya maduka. Nami nilikuwa na noti na tokeni. Msichana mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanyosha mkono, akagusisha kadi yake mara mbili, akapita bila kuningoja nishukuru. Sikumwona tena. Kadi nilinunua siku ile ile jioni, na nakuomba uinunue ya kwako siku ya kwanza, kabla ya laini ya simu. Ijaze stesheni penyewe. Ukijazia kwenye maduka madogo yale ya usiku kucha, mara nyingi wanakata sen 50 kwa kila mara, na mwanafunzi anajaza ringgit kumi kumi, hesabu yenyewe utaifanya.

Na tukiwa kwenye nauli: utasikia wenzako wenyeji wakitaja pasi ya My50, ringgit 50 kwa siku 30, unapanda treni na basi mpaka uchoke. Nilifurahi, nikapanga foleni nusu saa na pasipoti yangu ya Tanzania mkononi. Ni kwa raia wa Malaysia. Dada wa kaunta alinionea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Basi, nikaanza maisha. Asubuhi nashuka chumbani dakika tatu, nangoja T789. Kuna siku linakuja mara moja. Kuna siku nilisubiri mpaka nikasoma makala nzima ya fonolojia nimesimama. Likija limejaa, na foleni ya magari asubuhi kule inashindana na ya Ubungo ya zamani. Nilijaribu kwenda kwa miguu. Kwa kasi yangu ilikuwa kama dakika 35 hadi kitivoni, njia haina kivuli cha kutosha, na joto la Kuala Lumpur si la Tanga. Tanga tuna upepo wa bahari. Kule joto linakukalia begani. Nilikuwa nafika darasani nimelowa jasho, nakaa nyuma, nimeona haya.

Halafu mvua. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yake. Inakuja mchana au jioni, kama saa tisa, saa kumi, na radi za kukata masikio, na haiulizi. Stesheni ya juu ina paa lakini pembeni iko wazi, na upepo ukivuma mvua inaingia ya ubavu. Nilijifunza kusimama katikati ya jukwaa. Nilijifunza kubeba ndala kwenye mfuko na kuvaa viatu nikifika, kama mtu anayevuka mto. Jozi mbili za viatu vya ngozi niliziua mwezi wa kwanza, kabla sijajifunza.

Tarehe 9 Novemba treni zilisimamishwa kwenye kipande chetu chote, stesheni 16, kuanzia Kelana Jaya hadi Ampang Park, kwa hitilafu ya mfumo wa kuendeshea. Ziliwekwa basi za bure, na kufikia tarehe 14 treni zikarudi. Siku hizo mimi sikuteseka kama waliokuwa wakitoka mbali, kwa sababu treni yenyewe sikuwa naihitaji kwenda chuoni. Na nikiwa nimesimama pale kwenye kundi la watu wanaosubiri basi, ndipo nililitazama jambo langu vizuri. Nalipa bei ya kukaa karibu na treni, na treni siipandi. Naishi stesheni, nasoma kwingine. Kila siku natoka jirani na reli naenda kusubiri basi. Watu waliokuwa wakinufaika na chumba changu ni wale wafanyao kazi mjini, wanaoshuka chini, wanapanda, dakika chache wako ofisini. Mimi nilikuwa nimenunua starehe ya mtu mwingine.

Nilikaa na wazo hilo wiki mbili, kwa sababu ya zile ringgit 1,400. Mtu akishalipa kitu hukitetea. Nilijiambia nitazoea, nitanunua baiskeli, nitahamia maktaba. Usiku nikipiga hesabu naona: nikibaki miezi tisa iliyobaki nalipa ringgit 700 kila mwezi na napoteza kama saa moja na nusu kila siku, nikitoka napoteza amana na kupata chumba cha 550 upande wa Petaling Jaya, mji wa jirani, dakika 15 kwa miguu hadi geti la huko. Tofauti ya 150 kwa miezi tisa ni 1,350. Yaani amana karibu yote inarudi kwa njia ya kodi, na muda napewa bure. Hesabu ya darasa la tano, na ilinichukua wiki mbili kuikubali.

Sikumwambia mama. Nilimpigia mwenzangu wa Pemba aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Kiislamu, kule Gombak, mwisho wa pili wa njia hii hii ya treni. Alicheka mpaka akakohoa. "Shoga, na mimi nilishuka Gombak nikadhani nimefika. Na huku chuo hakiko kwenye treni, unapanda basi tena." Akaniambia niache ubishi, nihame. Nikamwandikia mwenye nyumba barua ya heshima, nikaomba nipewe angalau nusu ya amana nikimtafutia mpangaji. Akakataa, kwa adabu. Mkataba ulikuwa upande wake, sina la kumlaumu. Desemba mwishoni nikahama na masanduku yale yale, safari hii kwa gari la kukodi kwa simu, ringgit 14.

Cha ajabu, nilipohama ndipo nilipoipenda stesheni ya Universiti. Jumamosi nilikuwa naifuata kwa makusudi, napanda kwenda Masjid Jamek, kwenye msikiti mkongwe wa 1909 pale mito miwili inapokutana, napitia mama mmoja anayeuza nasi lemak, wali wa nazi kabisa, ule wetu, tofauti ni pilipili yake na dagaa wa kukaanga. Au naendelea hadi mwisho, Gombak, tunapika ugali na mwenzangu. Nilikuwa nasimama mbele kwenye kile kioo na watoto. Treni hiyo inakwenda juu ya mapaa, unaona nguo za watu zimeanikwa, unaona mabonde ya miti kati ya magorofa, na ukitazama upande wa chuo unaona kijani tupu. Ni njia nzuri sana ya kutoka chuoni kwenda mjini. Mimi niliipanga kama njia ya kwenda chuoni.

Kwa hiyo, dada au kaka mwenye barua mkononi. Usilipe chumba cha mwaka ukiwa nyumbani. Omba kolej, yaani bweni la chuo, hata la mwezi mmoja, au chukua chumba cha wiki mbili kwa bei ya juu. Ile bei ya juu ni ndogo kuliko amana. Ukishafika, tembea kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa kitivo chako, si hadi "chuoni", kwa sababu kampasi ina mageti kadhaa na vitivo vimetawanyika. Tembea mara mbili, moja saa mbili asubuhi ya siku ya kazi, nyingine mvua ikinyesha. Muulize dalali swali hili kwa maneno haya: nikitoka hapa kwenda kitivo changu napanda nini, nasubiri wapi? Akijibu kwa jina la stesheni, uliza tena. Katika mkataba tafuta kifungu cha kutoka mapema kabla ya kutazama picha ya kitanda. Wakati wangu pasipoti ilikwenda kubandikwa kibali cha mwanafunzi ikakaa nje ya mikono yangu wiki kadhaa, na karibu na stesheni unaweza kusimamishwa ukaulizwa. Tembea na nakala yake na barua ya chuo, zote mbili, kila siku, hata unapokwenda kununua mkate. Na vipimo vya afya vya mwanafunzi mgeni vifanye ndani ya siku saba za kwanza, usingoje mwili uzoee.

Ndala kwenye mfuko. Nimeshasema, lakini nasema tena.

Nilimaliza 2024, nikarudi Tanga na kadi yangu ya Touch 'n Go ndani yake ringgit nane na senti kidogo. Mwanangu anaichezea, anagusisha kwenye mlango wa chumba cha bibi yake na kujifungulia. Mama nilimweleza habari ya stesheni siku moja tukichambua mchele. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mlangoni?" Nikamwambia haikuwa. Mkopo wa SACCOS niliumaliza mwaka uliofuata, na ile laki saba ya chumba ilikuwa humo ndani, pamoja na riba yake.